Benchi la Kuvulia Mabuti

Gilbert haketi. Mtembelee kwake Brooklyn Center, huko Marekani: atakupa kiti, atakupa chai, yeye atakunywa yake akiegemea friji, mguu ndani, mguu nje, macho mlangoni. Kanisani ndiyo usiseme. Ibada nzima amesimama nyuma, akihama dirisha hili kwenda lile, hadi Mchungaji Zadock akamtania mbele ya watu: "Bwana Gilbert, hata malaika walinzi hubadilishana zamu!" Watu wakacheka. Naye akacheka, kisha akahamia dirisha jingine.

Wengi hawajui kilichompata. Mkewe Dinah alipolazwa hospitalini, Gilbert alikesha naye usiku baada ya usiku. Mwishowe akaketi kidogo tu, apumzishe miguu. Usingizi ukamwiba. Alipozinduka, Dinah alikuwa ameshakwenda. Tangu hapo anaogopa kiti. Jamani, mtu aogope chui, sawa, lakini kiti?

Ila mwili si chuma. Juzi, akitoka zamu, alisinzia kwenye usukani, gari likaparuza ukingo wa barabara kuu. Bintiye Kerubo, aliyempitia shuleni, alikuwa kando yake. Hakulia. Alimwambia, kwa kile Kizungu chao cha shuleni, kwamba gari lake haingii tena; kanisani atakwenda na majirani. "Nilishampoteza mama," alisema. Maneno hayo yalimchoma Gilbert kuliko baridi yote ya Minnesota.

Jumapili asubuhi, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, alikuwa akimlisha Susan uji wa shayiri, amesimama kama kawaida yake. Susan ni bibi aliyekuja kuolewa huku kutoka Uingereza, na hamung'unyi maneno. "Keti wewe, unanitia kizunguzungu!"

"Nimezoea, Mama Susan."

Bibi akaanza habari za kanisa la kijijini kwao. Kila siku ni hilo hilo: la mawe, la karne na karne, mnara wake mfupi kwa sababu tauni iliwaua mafundi kazi ikiwa nusu, na waliosalia hawakuwa na nguvu za kuumalizia. Michoro ya ukutani ikaja kupakwa chokaa kwa amri ya mfalme. Gilbert aliyajua yote kwa ghibu. Lakini siku hiyo bibi akaja na jipya.

"Zamani hakukuwa na viti, unajua? Viti vililetwa baadaye. Watu walisimama. Ila ukutani walijenga benchi la mawe, la wagonjwa na waliochoka. Lipo hadi leo. Kaka yangu alipokufa, nyanya alinikalisha pale. Nikamwambia siwezi kusali. Akasema, wewe keti, sisi tuliosimama tutasali."

Gilbert akaweka kijiko. Hasira zilimpanda, hata hajui anamkasirikia nani. "Na hao waliosimama wakilala je?"

"Wote kwa pamoja?" Susan akamkazia macho. "Hebu nipe uji wangu."

Kanisani alikwenda kwa basi. Akaanza mzunguko wake wa madirisha. Kwenye wimbo wa pili usingizi ukaanza kumvuta. Karibu na mlango, ukutani, kuna benchi ambalo watu huketi kuvua mabuti ya theluji. Akalipita. Akalirudia. Akalipita tena, akijisemesha. Halafu akaketi, ukingoni tu kwanza. Mgongo ukagusa ukuta, basi, kwisha habari yake: usingizi.

Kerubo alimwona. Akawaacha majirani, akaja kusimama kando yake. Ibada ilipoisha, Mchungaji Zadock, huyo huyo wa utani, aliweka kidole mdomoni. Watu wakaja mmoja mmoja, wakatoa mabuti yao chini ya miguu ya Gilbert, wakaenda kuyavalia jikoni. Hata watoto walipita kwa ncha za vidole.

Gilbert akazinduka ghafla, mikono imeng'ang'ania benchi. Kanisa lilikuwa tupu, ila Kerubo kando yake.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, baba," Kerubo akasema kwa Kiswahili. "Mimi nilikuwa nimesimama."