Kichwa Kisicho na Kipele

Barasa, mume wa dada yangu, alipita kizuizi cha kwanza kwa sababu ngozi ya kichwa chake haikuwa na kipele hata kimoja. Kijana mwenye upinde aliipapasa kwa kiganja, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, kama mtu anayechagua kibuyu sokoni, kisha akamwambia apite. Kichwa kile nilikinyoa mimi.

Nirudi nyuma, Jumamosi moja ya kawaida.

Nilikuwa kinyozi Ekero, miaka ile ambayo miwa ilikuwa na bei nzuri na watu waliipanda mpaka mlangoni pa jikoni. Jumamosi wakataji walikuja kwangu wakiwa weusi kwa masizi ya mashamba yaliyochomwa, shingo zimechanwachanwa na majani ya miwa. Ngozi ya namna hiyo ukiipitisha wembe mkavu, kesho yake mtu anaamka na shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Kwa hiyo nilianza na kitambaa cha maji ya moto, nikangoja. Kisha povu la sabuni kwa brashi, nikangoja tena. Ndipo wembe mpya, nikifuata upande ambao nywele zimelalia, na pale ulipopita haurudi. Mwisho maji baridi, na shabu, lile jiwe jeupe la kutuliza ngozi, linalong'aa kama barafu, nililolinunua kwa Waislamu wa Mumias.

"Fundi, wewe unanyoanga mtu kama unamposa," mkataji mmoja aliniambia siku hiyo, povu likiwa mpaka masikioni. "Ukimaliza kidevu hiki, nywele za kule ulianzia zitakuwa zimeota!"

"Basi nenda kwa mwenzangu pale ng'ambo akuchune kama mbuzi."

Watu walikuwa bado wanacheka lori liliposimama mbele ya duka. Lilikuwa limetoka Lugari, limejaa magodoro, kuku na watoto. Dada yangu Nekesa alishuka kwanza. Nyuma kabisa aliketi Barasa, ameukumbatia mwili wa kaka yake uliofungwa kwenye blanketi, ili usirukeruke barabarani.

Walikuwa wakilima mahindi kwenye shamba lililokuwa la mzungu, kama wengi wa huko. Usiku mmoja nyumba za ukingoni zilichomwa, asubuhi mishale ikaanza. Mama yake Barasa mguu wake ulikuwa mbovu, hakuweza kukimbia. Jirani, mtu wa kabila la wale wenye mishale, alimbeba akamficha nyumbani kwake.

Tulimzika yule kaka Jumapili huko Matungu, kwa baba yao. Jumatano, siku ya tatu, ukoo ukanyolewa, kama desturi ya nyumba ile inavyotaka. Shangazi yao mkubwa alinyoa watu kumi na wanne kwa wembe mmoja na kata moja ya maji baridi. Sabuni hairuhusiwi. Wembe ulikwenda popote mkono ulipotaka. Barasa alikuwa wa mwisho, na kufikia hapo wembe ulikuwa haukati tena, unakwangua.

Mfukoni mwangu mlikuwa na pakiti nzima ya nyembe mpya. Sikuitoa. Pale nilikuwa mulamwa, yaani shemeji, ndugu wa mke, na mulamwa hasemi kitu watu wakinyolewa. Nilisimama nikihesabu mikwaruzo.

Alhamisi asubuhi kichwa cha Barasa kilikuwa kimeumuka vipele, vingine vina usaha, na kidevu vilevile.

Siku hiyohiyo alikuja mwanamke mchuuzi wa maharagwe, akileta ujumbe wa yule jirani: "Mama yuko hai, nyuma ya magunia. Ninaweza kumweka mpaka Jumatatu tu, kwa sababu baada ya hapo watapekua nyumba zetu sisi pia." Halafu yule mchuuzi akamtazama Barasa kichwani, akaongeza lake mwenyewe.

"Na wewe usiende hivyo. Kwa barabara wameweka vizuizi viwili, wanavua watu kofia. Wanasema mwenye amenyolewa juzi amezika juzi, na mwenye amezika juzi anarudi kulipiza."

"Kuna watu wananyoanga kila wiki," Barasa akasema.

"Hao kichwa chao kimetulia. Chako kinasema ukweli."

Nilimwambia Barasa amtume mtu mwingine.

"Nani? Mama hatapanda baiskeli ya mtu hamjui. Fundi, kazi yako ni nini? Tuliza hiki kichwa."

Kwa hiyo nilikuwa na siku nne za kumfanya mfiwa afanane na mtu aliyezoea upara.

Mpaka Jumapili sikumgusa kwa wembe. Kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mara tatu kwa siku, kukandwa bila kusuguliwa. Utomvu wa mshubiri uliokuwa uani kwa shangazi. Mafuta mazito ya kujipaka nilimnyang'anya, kwa sababu yanafunika jasho na vipele vinazaliana chini yake. Kofia nikamkataza, ili utosi ushike rangi ya jua kama uso. Kucha nikamkata. Hata hivyo alijikuna. Alikuwa hakai. Anazunguka nyumba, anaketi, anasimama, anauliza kama leo ni Ijumaa au Jumamosi.

"Keti, mulamwa. Jasho linakuharibu."

"Mama yangu ameketi nyuma ya magunia. Ameketi kwa niaba yetu wote."

Jumapili vipele vilikuwa vimenywea. Tukapakia baiskeli mbili kwenye lori hadi kanisa moja karibu na Lugari, ambako waliokimbia walikuwa wamejaa hadi madhabahuni. Jumatatu alfajiri nikaomba maji ya moto kwa wapishi wa uji. Nilimnyoa kichwa na kidevu polepole kuliko nilivyowahi kumnyoa mtu, wembe mpya kila upande, bila kuvuta ngozi. Maji baridi. Shabu. Nikakausha kwa kugusagusa tu.

Nilimwambia shabu ataipaka tena kabla ya kizuizi cha pili, kwa sababu kati ya kile cha kwanza na cha pili kuna mlima, na jasho juu ya ngozi iliyotoka kunyolewa huamsha kila kitu.

Tuliondoka na matenga ya kuku, kama wachuuzi.

Kizuizi kilikuwa gogo la mti na vijana saba.

"Kofia."

"Sina."

Ndipo yule mwenye upinde alipompapasa.

"Unanyoanga lini?"

"Kila Jumamosi. Bibi yangu anasema nywele zangu zinamaliza sabuni yake."

Mmoja alicheka. Gogo likasogezwa.

Kisha wakanitazama mimi, mwenye nywele zangu zote.

"Wewe rudi. Mmoja anatosha kuuza kuku."

Barasa hakugeuka. Ilikuwa sawa asigeuke. Nilimwona akikanyaga baiskeli kuelekea mlimani, kichwa kikimetameta.

Nilipofika kanisani nikatia mkono mfukoni. Shabu ilikuwa imebaki kwangu.

Jumanne jioni yule jirani alileta pale kanisani trekta lenye mabua ya mahindi. Chini ya mabua alikuwapo mama. Alikuwa amengoja mwanawe mpaka jua la Jumatatu likazama, na jirani hakuthubutu kungoja zaidi. Tulimshusha, tukamkalisha kwenye benchi. Neno lake la kwanza lilikuwa swali.

"Barasa yuko wapi?"

Mama aliishi Matungu miaka sita. Mimi bado nanyoa. Nimejiambia kwamba angekuwa na shabu angepita, na nimejiambia pia kwamba vijana wale hawakuhitaji kipele ili kuua. Kuna siku mbili ambazo hunijia nikiwa na wembe mkononi, na hapo huuweka chini kwanza: ile ya mlimani, na ile ya Matungu niliyokaa kimya na nyembe mfukoni.

Nekesa hajanyolewa. Wazee wa nyumba ile wanasema mwili haukupatikana, hakuna kaburi, kwa hiyo hakuna kunyoa, na yeye hajawasihi. Nywele zake zimeingia mvi, anazisuka mwenyewe.

Vita vilipotulia nilikwenda kwa yule jirani. Alinionyesha mahali ilipopatikana baiskeli ya Barasa, kwenye ukuta wa kinu cha kusagia mahindi, umbali mfupi kabla ya kizuizi cha pili. Haikuwa imeanguka. Matenga yalikuwa juu yake, kuku wamekufa kwa kiu. Ilikuwa imeegemezwa vizuri na gurudumu la nyuma limefungwa kwa kufuli, kama afanyavyo mtu anayekusudia kurudi. Ufunguo haukuonekana.