Magoti Yangu Yameniaibisha Shuleni

Leo nimeaibika mbele ya shule nzima hapa mtaani kwetu New Site. Acheni kucheka, sijamaliza.

Mjukuu wangu Keji amekataa shule. Akimsalimia mwalimu anapiga magoti, wenzake wanamcheka, maana huku hakuna desturi hiyo.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Kule Uganda, ukimbizini, nilisoma kidogo tu, lakini hiyo heshima niliipata.

Nikamshika mkono, twende nikawagombeze hao wasio na adabu!

Mwalimu mkuu akatoka. Msichana tu, sawa na binti yangu wa mwisho.

Nikajikuta niko chini namsalimia, magoti kwenye vumbi. Mimi, bibi mzima!

Watoto wakacheka mpaka wakashika matumbo.

Keji akaninong'oneza, "Haboba, bibi yangu, simama. Twende nyumbani."

Sasa anasema harudi tena. Nimwambie asalimie akiwa amesimama, na magoti yangu mwenyewe hayanisikii? Semeni basi, mnaojua kusema.