Siku India ilipopata kiongozi mpya, bibi wa Kihindu ninayemtunza hapa Muscat alisusa kula

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Leo nipo off, nimekaa ufukweni Qurum na chai yangu ya karak mkononi, na ndiyo mara ya kwanza wiki hii napumua vizuri. Nimesema niwaandikie kabla sijasahau.

Nayoandika nimeyaona kwa macho yangu. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Na jina la huyo kiongozi silitaji kabisa, maana nawajua, uzi utageuka uwanja wa vita.

Mimi ni wa Muheza. Huu ni mwaka wa nne nipo Muscat, namtunza bibi wa familia ya Kigujarati, tunakaa Darsait, flati ya ghorofa ya tatu.

Bibi tunamwita Baa, ndivyo wanavyomwita mama au bibi kwao. Kazaliwa Unguja, aliondoka akiwa msichana. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, na nikikosea ananisahihisha bila huruma. Ana kisukari. Sindano, vidonge na kipimo ndiyo kazi yangu.

Kuna mwanawe, huyo ndiye boss na kafili wangu, yaani mdhamini wa viza yangu, tumwite Jayant, ana duka la vitambaa Mutrah. Kuna na mjukuu, Nikhil, injinia wa miaka ishirini na sita. Mama yake Nikhil alikuwa India anamuuguza mama yake mzazi. Angekuwepo, nadhani mambo yasingefika yalikofika.

Sasa basi.

Siku ya matokeo TV ilikuwa inawaka tangu asubuhi. Boss hakwenda dukani. Ilipofika saa saba mchana ikawa wazi nani ameshinda. Boss akasimama, akapiga makofi, akafuta macho. Mtu mzima yule, wakuu, analia machozi ya furaha. Alikuwa ameagiza ladu, vile vitamu vyao vya mviringo, boksi tatu, moja ya kwetu, mbili za majirani.

Mimi nilidhani wote watafurahi. Kwa akili yangu, Wahindu ni Wahindu, kiongozi wao kashinda, anakwenda hekaluni, anasali kama wao, basi khalas, sherehe.

Nikhil akaingia kutoka kazini kwa ajili ya chakula. Boss akachukua ladu kwa mkono wake ampe mdomoni. Nikhil akageuza uso.

Wakaanza. Kigujarati na Kiingereza vimechanganyika, lakini kwa miaka minne nimeokota cha kutosha.

Boss akasema babu yake Nikhil alikuwa anafuta alama ya dini kwenye paji la uso kabla ya kuingia ofisi za wakubwa, ili asichekwe. "Leo mtu wetu anaivaa mbele ya dunia nzima. Unajua hilo ni nini kwangu?"

Nikhil akasema yeye pia anasali, anafunga Jumatatu zake, hakuna wa kumfundisha Uhindu. Ila mikutanoni yalisemwa maneno mabaya juu ya Waislamu, na watu wakashangilia. "Leo Salim ameniuliza, hivi nyinyi mnafurahia yale? Salim, Baba! Nimekua naye."

Boss akasema hayo ni maneno ya kampeni tu.

Nikhil akasema sisi tunaishi hapa, katika nchi ya Waislamu, tumepewa mahali pa kusalia, hakuna anayetugusa. Tunashangiliaje mtu ambaye wafuasi wake hawawapi Waislamu wa kule hivyo hivyo?

Hapo boss akapandisha hasira. Akamwambia, kama unaionea aibu dini yako, usile kwenye nyumba yangu.

Nikhil akachukua funguo za gari akatoka. Boss akatugeukia. "Asipigiwe simu na mtu yeyote. Nyumba anaijua."

Boksi za ladu ziko wazi mezani, hakuna anayezigusa.

Baa alikuwa kwenye kiti chake muda wote. Akaisukuma sahani yake pembeni, akamwambia mwanawe kitu kwa Kigujarati. Halafu akanigeukia. "Rehema, nimemwambia sili mpaka niwaone wote wawili kwenye meza hii. Na wewe usinihangaishe."

Nikacheka kidogo, nikidhani ni hasira za dakika kumi.

Jioni hakula. Nikapika khichdi, wali na dengu laini ambazo huwa hazikatai. Akakataa. Nikapigia simu kliniki, nesi akaniambia nisimchome sindano ya jioni, nimpime kila baada ya saa chache, na akishuka nimpe kitu kitamu haraka. Boss alijaribu kumbembeleza, Baa akageukia ukutani.

Asubuhi yake boss akaenda dukani na uso umevimba. Meli ya watalii ilikuwa imetia nanga bandarini, siku kama hizo haiwezekani kufunga. Akaniambia nikiona tofauti yoyote nimpigie.

Hapa nakiri kosa langu. Niliingia jikoni kumchemshia Baa maziwa, nikimwomba Mungu ayakubali. Kurudi, nakuta kameza kwa mazoea vidonge vyake vya kushusha sukari, nilivyoviacha mezani. Tumbo tupu, na maziwa akayakataa.

Saa tano nikamkuta anatoka jasho na AC inawaka. Mikono inatetemeka. Nampima, sukari tatu nukta moja, imeshuka mno.

Nilimpigia boss. Haipokelewi. Tena. Haipokelewi.

Nikachukua asali, nikampaka ndani ya shavu kwa kidole. Alitaka kunizuia, mkono hauna nguvu. "Mwanangu, nimeapa," ananiambia.

Nikamwambia, "Baa, hii ni dawa, si chakula. Ukifa mikononi mwangu mimi nitamweleza nani nikaaminika?"

Akaacha kupinga. Nampaka, nampaka tena, huku nahesabu dakika. Dakika kumi na tano zile zilikuwa ndefu kuliko miaka yangu yote minne hapa. Nampima tena, nne nukta nne. Macho yakarudi kuwa yake.

Ndipo nikampigia Nikhil. Nilijua nimekatazwa. Nilijua bataka yangu ya ukaazi, viza yangu, kila kitu kiko mikononi mwa aliyenikataza.

Akauliza, "Baba kakutuma?"

Nikamwambia, "Hapana, na akijua huenda akanirudisha kwetu. Bibi yako hajala tangu ulipotoka. Njoo."

Toka ofisini kwake Qurum hadi Darsait alitumia dakika chache mno, sitaki kujua aliendeshaje. Bado anavua viatu mlangoni, lifti ikafunguka nyuma yake, boss anatoka anahema. Alikuwa ameona simu zangu, akawaachia wafanyakazi duka.

Wakabaki wanatazamana kwenye korido.

Mimi nimeshika mlango.

Boss ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nilidhani unanidharau mimi. Mimi na babu yako."

Nikhil akasema, "Nilikuwa namsema yeye, Baba. Sikuwa nakusema wewe."

"Na mimi sikuwa nashangilia yale maneno," boss akasema. "Salim amekula kwangu tangu yuko shule. Mwambie hivyo." Akainama kuvua viatu. "Hapana. Nitamwambia mwenyewe."

Hawakukumbatiana wala nini. Walinawa mikono, wakakaa. Boss akamkatia Baa kipande cha chapati, Nikhil akamshikia bakuli. Baa akala khichdi vijiko sita, nilihesabu. Kisha akaomba ladu. Wote watatu tukamkatalia kwa pamoja, na hapo ndipo watu wakacheka.

Msidhani walikubaliana. Jioni nikawasikia tena wanabishana habari za kiongozi wao, ila safari hii mmoja anammiminia mwenzake chai.

Mchana ule, nilipokuwa namlaza Baa baada ya kula, nilimuuliza, na wewe je, umefurahi kashinda?

Akafikiri. "Nna furaha, ndiyo. Na nna khofu. Nilikuwa mtoto Unguja nikaona watu wanamshangilia kiongozi, na siku ile ile nikaona watu wanakimbia. Baba yangu aliacha mlango wazi na chai mezani. Basi mimi hunyamaza, namwombea kila anayekaa kwenye kile kiti, awe wetu asiwe wetu, nangoja nione."

Kisha akalala usingizi mzito.

Na boss? Aliniita jikoni. "Rehemaben," ndivyo anavyoniita, dada Rehema, "nilisema asipigiwe simu na mtu yeyote."

"Ndiyo, boss."

Nikasubiri tiketi yangu ya ndege.

"Asante kwa kutonisikiliza." Akatoka.

Wakuu, niliketi chini pale pale jikoni, nikajifuta uso kwa aproni.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikaa na watu hawa miaka minne nikidhani dini moja ni kichwa kimoja. Kumbe meza moja ilikuwa na mwenye fahari, mwenye aibu na mwenye khofu, wote Wahindu, wote wanasali mbele ya kabati lile lile la ibada pale nyumbani. Siku hizi nikimwona mtu anamshangilia kiongozi namuuliza kwanza anashangilia nini hasa. Na anayepinga namuuliza anaogopa nini. Mara nyingi utakuta hawazungumzii kitu kimoja.

Wenye familia zilizogawanyika kwa siasa, nyumbani au ughaibuni, mlikaaje tena meza moja? Na manesi humu, mgonjwa wa kisukari akisusa kula, mbali na asali nifanye nini? Nawasoma, ila saa kumi na moja narudi Darsait, bibi ananisubiri.