Maneno Ambayo Nahodha Hakuyasema

Shemeji yake Nahodha aliwaambia wageni wa Nahodha kwamba mwenyewe amewachoka. Kosa lenyewe ni hilo, na hata ulizungushe vipi halibadiliki. Hakumwibia mtumbwi wala hakumchomea nyumba. Alimlisha maneno mbele ya watu waliompenda, wakati yeye yuko mbali, anamgeuza mama yake mzazi kitandani.

Watu wa gatini walimwita Nahodha. Jina lilianza kama dhihaka, maana walimwona mwanamke ameshika mashine ya mtumbwi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kicheko kikaisha, jina likabaki. Kazi aliirithi kwa marehemu mumewe: kuwapeleka ziwani watu wa mjini wanaopenda kuvua kwa ufito kwa kujifurahisha tu, kuwaonyesha samaki walipo, kuwachomoa ndoana kwenye vidole na kwenye mashati, na kuwarudisha nchi kavu wakiwa wazima. Marehemu alikuwa na wateja. Kwa Nahodha wateja hao walikuja kuwa wageni, na wageni wakawa ndugu, bila mtu kukaa kitako na kuliamua jambo hilo.

Ungewajua ndugu hao kwa fito zao. Mgeni akimaliza siku zake za kuvua, hakuondoka na ufito. Aliuacha kwa Nahodha. Naye aliufuta kwa mafuta, akauzungushia kitambaa cha mwenyewe, akauning'iniza kwenye boriti za sebuleni. Kuuacha pale ilikuwa sawa na kusema nitarudi. Aliyeingia nyumba ile mara ya kwanza alitazama juu akadhani paa halijamalizika kujengwa.

Kitambaa cha maua kilikuwa cha Mkunga. Huyu alikuwa mama wa mwili na kicheko, amezalisha nusu ya mji, na samaki aliwasemesha kama wazazi wake wa wodini. "Haya, njoo mwanangu, njoo, usinitie presha. Vuta pumzi!" Mshipi ukikatika samaki akaenda zake, alimgeukia Nahodha na kumwambia, "Huyu mimba ilikuwa changa." Nahodha alipofiwa na mume, Mkunga alikuja bila ufito. Akaingia jikoni, akakunja mikono ya gauni, akaosha masufuria ya msiba mpaka watu walipotawanyika. Hakutoa hata neno moja la kumfariji. Masufuria yalitosha.

Kitambaa cha buluu kilikuwa kipande cha ovaroli kuukuu, mali ya Breki. Breki alikuwa dereva wa treni, na jina alijibandika mwenyewe kwa msemo wake: "Breki kwanza, maneno baadaye." Kazi ilimlia vidole viwili vya mkono wa kulia, na vilivyosalia vilikuwa vigumu kama vijiti. Kuvuta samaki aliweza. Kufunga ndoana kwenye mshipi hakuweza. Siku ya kwanza Nahodha alimwona akihangaika, jasho linamtoka, akageuza uso akajifanya anatazama mawingu. Tangu siku hiyo, kabla Breki hajaingia mtumbwini, mishipi yake ilikuwa imeshafungwa ndoana na kulazwa ndani ya kopo chini ya kiti chake. Hakuomba, hakushukuru, na wala hakuulizwa. Miaka ikapita hivyo, wawili hao wakizungumza habari zote za dunia isipokuwa hiyo.

Ndipo mama yake Nahodha akaanguka. Kule kwa mama simu hazishiki, kwa hiyo Nahodha aliiacha yake kwa shemeji, mdogo wa marehemu, ambaye kazi yake ilikuwa kuziba na kukarabati mitumbwi pale pale gatini.

"Wakipiga, waambie nauguza," alimwambia. "Anayetaka kuja, mpeleke wewe. Anayetaka kunisubiri, muache anisubiri."

"Ondoa shaka, shemeji. Wageni wako ni wageni wangu."

Alimaanisha, tena kuliko alivyoeleweka.

Mama aliugua muda mrefu, kisha akapumzika. Nahodha alimzika, akamaliza matanga, akarudi. Alifungua mlango, akainua macho. Boriti zilikuwa tupu. Vumbi tu, na alama safi pale kamba zilipokuwa zimefungwa.

Alimkuta shemeji gatini anapaka rangi mtumbwi mpya, wenye viti vya mito.

"Shemeji, pole na msiba."

"Nimeshapoa. Fito ziko wapi?"

"Fito zipi?"

"Usijitie hamnazo."

"Aa, zile! Wenyewe walizichukua."

"Wote?"

"Watu wa mjini hao, shemeji. Leo wanakuchekea, kesho hawakujui." Na brashi ikaendelea kwenda na kurudi, macho makavu kabisa.

Alichukua simu yake, akapiga kwa Mkunga, haikuita. Alipiga kwa Breki, ikaita mpaka ikachoka. Kwa hiyo alivaa gauni la msibani, ndilo lililokuwa safi, akaenda mjini. Nyumba ya Breki ilikuwa nyuma ya karakana ya treni, ya tatu kutoka bombani, mlango wa kijani. Aliijua kwa kuelekezwa tu. Miaka yote wao ndio waliokuja kwake.

Breki alifungua mwenyewe.

"Karibu, mama."

Nahodha nusura arudi alikotoka. Hajawahi kuitwa mama na mtu huyu. Alizoea "we Nahodha", "dada mtu mbaya", "jasusi wa samaki". Hilo "mama" lilikuwa la kumpa muuza mchicha aliyebisha hodi.

Alikaa ukingoni mwa kochi. Mke wa Breki alileta chai, akaiweka mezani kwa kishindo kidogo, akabaki amesimama, mikono kiunoni.

"Nimekuja kuuliza nimewakosea nini," Nahodha alisema.

"Hujakosea," alijibu Breki. "Kazi inachosha. Ila ungeniambia mwenyewe."

"Nikuambie nini?"

Breki aliufunika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

"Sema," mkewe akadakia. "Usiposema nitasema mimi. Alirudi hapa chakula hakipiti! Mimi niliapa, huyu Nahodha wenu nikikutana naye sokoni nitamvua kilemba mbele za watu."

"Kwamba umechoka kunifungia ndoana," Breki alisema taratibu, "kama mtoto wa kuvalishwa viatu. Na kwamba sote tumekuchosha, tuje tuchukue fito zetu."

Nahodha alitazama chai yake. Alikuwa na matusi mengi kifuani, na hakuna hata moja lililokuwa la mtu aliyemo chumbani.

"Nani kakwambia?"

"Shemeji yako. Nilitaka kumwita mwongo. Lakini hilo la ndoana, dada, tulikuwa tunalijua mimi na wewe tu. Nikasema hapa hapana uongo. Kama halikutoka kwako, alilitoa wapi?"

"Anaziba mitumbwi, mzee wangu. Mimi nikiwa juu nafunga, yeye yuko chini na nyundo yake. Kaniona miaka yote." Kisha akasema, "Mama yangu nimemzika. Huko ndiko nilikokuwa."

Mke wa Breki alishusha mikono kiunoni. Akakaa. "Jamani," alisema. "Jamani, pole. Hatukuambiwa."

Hapo ndipo Nahodha alipoelewa hesabu ya shemeji. Wageni walipopiga, kila mmoja alisema atasubiri. Hakuna aliyetaka kwenda na mtu mwingine. Akaona awakate tamaa, wapate kuhamia kwake. Fundi mzima alidhani urafiki ni kama mashine ya mtumbwi, unaufungua huku unaufunga kule. Wakachukua fito zao wakaenda zao, hata mmoja hakumpata. Hasara kwao wote, faida hakuna.

"Na Mkunga?" aliuliza. "Simu yake haiiti."

Mume na mke walitazamana.

"Mkunga hatunaye," Breki alisema. "Tangu mvua zile, ulipokuwa kwa mama yako. Nilikwenda kumwona hospitali. Akaniuliza, Nahodha hajafika? Nikamwambia asikungoje. Nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu huu, kwamba umesema umetuchoka. Akacheka. Akasema, hata mimi ningejichoka. Lakini kila mlango ukifunguka alikuwa anageuza kichwa."

Nahodha alilia pale kwenye kochi la watu, kilio cha mama yake na cha Mkunga kwa pamoja, na mke wa Breki akamshika mabega.

Breki alirudi ziwani msimu uliofuata. Mtu angeweza kusema basi, mambo yamekwisha, na wako wanaosema hivyo gatini. Lakini Nahodha alikwenda kwa binti wa Mkunga kutoa pole, na binti akamsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. "Mama alikuulizia," alisema. "Ulikuwa umechoka." Akafunga mlango.

Breki alipoambiwa, hakungoja siku ipite. Alikwenda kwa binti yule akasema, mimi nilipeleka maneno bila kuyapima, nisamehe. Kwa upande wake amelipa. Binti akamjibu kwamba aliyeyatunga mbona haji.

Nahodha alimfuata shemeji.

"Twende kwa binti wa Mkunga. Ukaseme."

"Mtu amekufa, shemeji. Nikamwambie nani?"

"Mwanawe."

"Nina wateja."

"Basi ukisharudi nao."

"Mambo ya zamani hayo. Unataka kunidhalilisha tu."

Kila wakikutana gatini anamuuliza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza upepo, na kila mara mwanamume huyo ana mtumbwi wa kuziba. Binti wa Mkunga bado anapita upande wa pili wa barabara akimwona Nahodha. Shemeji anadaiwa kusimama kwenye mlango ule na kusema, hakusema yeye, nilitunga mimi. Hajaenda.