Miezi Mitatu ya Kupumzisha Jicho

Kinyozi wetu tulimwita Utafiti, na jina lile alijipa mwenyewe bila kujua, maana hakufungua mdomo bila kuanza na "utafiti unaonyesha." Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hajamaliza kukufunga kitambaa shingoni umeshaambiwa kwamba pweza ana mioyo mitatu. Mashine ikifika kisogoni, umejua kuna sayari ambayo siku yake moja ni ndefu kuliko mwaka wake. Kwenye ndevu alikuwa anahamia siasa: kuna kamji fulani huko mbali kaliwahi kumpa paka heshima ya umeya, "na tangu hapo," anasema, "hakuna aliyelalamika kwamba meya anawadanganya." Akikumalizia na poda ya shingoni, anakusimulia mwigizaji wa tamthilia aliyezomewa sokoni na akina mama kwa sababu kwenye mchezo alimtesa mke wake. Watu walikuwa wanakuja kunyolewa hata nywele hazijaota.

Mimi ni fundi saa. Meza yangu ipo kwenye kibaraza hichohicho, tumetenganishwa na ukuta mwembamba, kwa hiyo mengi yake niliyasikia bila kwenda kunyolewa. Haya ninayoyasimulia, mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe baadaye, akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu sakafuni.

Shule aliiacha mapema. Baba yake alipofariki ilibidi ashike mkasi, na kiu ya kujua ikabaki palepale ilipokatizwa. Alikuwa anasoma magazeti ya kufungia vitu, anasikiliza redio mchana kutwa, na kuchungulia simu za wateja. Hakuwa mwongo. Alikuwa mtu wa kupenda kushangaa, na aliyependa kuona wengine wakishangaa. Lakini habari ikimfikia imepungua chumvi, mkono wake ulikuwa mwepesi kuongeza.

Mke wake ni mwalimu wa watoto wadogo. Siku alipopelekwa kwao mara ya kwanza, mama mkwe, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi cherehani, alimtazama juu hadi chini, pini zikiwa mdomoni, akazitoa moja moja kisha akauliza, "Wewe mwanangu, umesoma nini?"

"Vichwa vya watu, mama," alijibu. "Na vingine ni vigumu kweli."

Mama yule alicheka hadi akakaa. Tangu siku hiyo, kila Jumapili wakienda kumsalimia, kabla hata ya shikamoo kumalizika alikuwa anasema, "Mkwe, leta habari." Kwenye sebule ile, mbele ya mwalimu na kaka yake ambaye ni fundi wa majokofu mwenye vyeti ukutani, yeye aliyeacha shule ndiye aliyekuwa anaulizwa. Nadhani hakuna mahali pengine duniani alipojisikia mkubwa hivyo.

Sasa, mama mkwe alikuwa na presha ya macho. Ni ugonjwa wa kimya, hauumi wala hauwashi, lakini unaukata mwanga kidogo kidogo kuanzia pembeni. Daktari alimpa matone ya kutia asubuhi na jioni, akamwambia ni ya maisha. Jumapili moja mama alikuwa amekaa kwenye kochi lake, anafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Hii dawa inanichoma kama pilipili," alisema. "Na macho yenyewe hayaumi. Nashindwa kuelewa natibu nini."

Siku mbili kabla, dereva mmoja wa lori alikuwa amemwonyesha Utafiti video kwenye simu, mtu amevaa koti jeupe anasema dawa za macho hulifanya jicho kuwa vivu. Ilikuwa fupi, haikufika hata dakika moja, na jina la huyo mtu halikutajwa. Utafiti akaivuta kutoka kichwani, akaipangusa vumbi.

"Mama, utafiti unaonyesha jicho ni kama mtoto. Ukimbeba kila siku hatajifunza kutembea. Wataalamu wanasema lipewe nafasi lipumzike."

"Eh! Kwa muda gani?"

Hilo video haikulisema. Lakini mama mkwe alikuwa ameinama mbele, anamtazama kama mwanafunzi. Mke wake alikuwa jikoni anaosha vyombo, shemeji yake hakuwepo siku hiyo. Habari bila namba haina uzito, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Miezi mitatu," alisema.

Aliniambia kwamba neno lile lilimtoka kirahisi, kama mtu anavyotaja saa.

Wiki ile nzima aliirudia habari hiyo dukani. Niliisikia mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa mimi mwenyewe kitini. Nikasema, "Kumbe!" Hilo ndilo nililosema, na bado nalionea aibu.

Mama mkwe akakiweka kichupa kabatini. Miezi mitatu ikapita, na kwa kuwa hakuna kilichouma, akaona si vibaya akiongeza kidogo. Ukaja mwezi wa nne, ukafuata wa tano. Akaanza kuangusha vikombe vilivyowekwa kushoto kwake, na kujigonga bega kwenye mlango wa nyumba aliyoishi miaka thelathini. Wakamtania kwamba anazeeka. Asubuhi moja alikaa kwenye cherehani, akafumba jicho la kulia ili atunge uzi, kama alivyozoea. Na dunia ikazimika.

Walikwenda hospitali wote wanne. Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Alipima, akarudia, akazima taa yake ndogo.

"Jicho la kushoto limeondoka," alisema. "Lilikuwa limeshaumia tangu zamani, na dawa ndiyo iliyokuwa inashikilia kile kilichobaki. Mshipa wa nyuma ukifa, haurudi. La kulia bado tunaweza kulilinda." Kisha akauliza, bila ukali, "Mama, nani alikwambia uache dawa?"

Utafiti alikuwa amesimama mlangoni, amebeba mkoba wa mama mkwe. Anasema mkoba ule ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na hakuthubutu hata kuuhamishia mkono wa pili.

"Hakuna," mama alijibu. "Nilisahau tu, daktari. Uzee."

"Mama!" shemeji akaruka. "Unasahauje kitu cha kila siku?" Halafu akamgeukia dada yake. "Na wewe? Si wewe unayekaa hatua mbili kutoka kwake? Kazi yako ni kuwahesabu watoto wa wenzako, mama yako nani amhesabie dawa?"

Mke wa Utafiti alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono. Na mumewe, ambaye neno moja tu lingemwondolea mzigo ule, alitazama bango la ukutani lenye picha ya jicho lililopasuliwa katikati, akasoma majina ya sehemu zake zote.

Siku zilizofuata tulidhani anaumwa. Duka likawa kimya, unasikia mashine tu. Mteja akimwuliza, "Leo utafiti unasemaje?" anajibu, "Redio imekufa," na redio ipo palepale inaimba. Nyumbani, mke wake alichora jedwali, akalibandika ukutani kwa mama yake, akawa anaamka kabla ya jua kwenda kutia matone, kisha anakimbilia shule, jioni anarudi tena. Alikonda. Kaka yake alikuwa anapiga simu kila siku na hakusalimia; aliuliza tu, "Umemtilia?" na kukata.

Ilichukua siku kumi na tisa. Najua idadi kwa sababu yeye aliihesabu. Asubuhi hiyo mke wake alikuwa anakunja nguo kitandani, ghafla akasimama na shati mkononi.

"Hivi, baba watoto, mimi ni mtoto mbaya kwa mama yangu?"

Hapo ndipo Utafiti aliposhindwa kuendelea kuficha. Alikaa sakafuni, akaeleza yote: dereva wa lori, mtu wa koti jeupe, na ile miezi mitatu ambayo hakuisikia popote, aliitengeneza mwenyewe kochini ili habari inoge.

Mke wake alisikiliza hadi mwisho. Alilikunja shati, akaliweka juu ya mengine, akalinyoosha kola.

"Siku ile kwa daktari, wewe ulisimama wapi?"

"Mlangoni."

"Ulimsikia kaka akiniambia yale maneno?"

"Nilimsikia."

"Yote?"

"Yote."

Akachukua mkoba wake akaenda shule. Hakupiga kelele wala hakulia. Utafiti anasema angepigwa kofi angeshukuru. La jicho, mke wake alikuja kumsamehe kabla mwezi haujaisha. La mlangoni lilichukua muda mrefu zaidi, na sina hakika kama limeisha.

Siku hiyohiyo hakufungua duka. Alikwenda kwa mama mkwe, akamkuta anakata kitambaa kwa kupapasa, ameinamisha kichwa upande kama kuku anayetazama mwewe. Akapiga magoti.

"Mama, mimi ndiye niliyekuambia uache dawa."

"Najua," mama alisema. "Nilikuwepo."

"Kwa nini ulinisitiri, mama? Mimi sistahili."

Mama akaweka mkasi chini. "Nani kakusitiri wewe? Nilijisitiri mwenyewe. Mtu mzima kama mimi, daktari aliyesoma hadi mvi zimemtoka ananiambia dawa ni ya maisha, mimi namwacha, namsikiliza kinyozi! Kwa nini? Kwa sababu dawa ilichoma na maneno yako yalikuwa matamu. Ningemwambia nani aibu hiyo? Hata wewe nilikuwa nakukwepa, usije ukadhani nakulaumu, ukaanza kulia hapa kama unavyolia sasa hivi. Inuka, utaniloweshea kitambaa cha watu."

Aliinuka. Mama akasema atamweleza mwanawe taratibu, yeye ndiye anayejua pa kumshikia. Utafiti akakataa. "Hapana, mama. Hili nililiacha likabebwa na mwanao wa kike. Sasa acha nilibebe."

Akaenda hadi karakana ya shemeji yake, akasimama katikati ya majokofu yaliyofunguliwa milango, akasema. Shemeji alikuwa amechuchumaa na bisibisi. Hakuinuka. Aliuliza swali moja: "Dada yangu anajua?" Alipojibiwa ndiyo, asubuhi ile, akasema, "Toka." Kisha akampigia dada yake simu. Walichoongea sikijui, ila jioni alimletea dada yake keki nyumbani, na keki ile Utafiti hakuigusa.

Mambo hayakuishia nyumbani. Alikumbuka dukani alimwambia nani na nani, akatengeneza orodha, na mimi nikamsaidia kuijaza. Wengi walikuwa wameshasahau. Mmoja, muuza viatu, alikuwa amemwambia mama yake mzazi juzijuzi tu, na mama yule alikuwa na wiki ya pili bila dawa yake ya macho. Utafiti alifunga duka saa nne asubuhi akaenda naye hadi kwa huyo mama, akasimama uani akaeleza kwamba alichosema hakikuwa na msingi, na kwa nini anajua. Yule mama akamwuliza kama hana haya. Alijibu kwamba anayo.

Kisha akaandika kwa kalamu nene, akabandika kwenye kioo, mahali ambapo kila anayenyolewa lazima asome: "Niliwahi kusema hapa kwamba jicho lipumzishwe dawa miezi mitatu. Si kweli. Namba niliitunga mimi. Dawa usiache bila kumwuliza daktari."

Nilimshauri aweke maneno ya jumla, asijitaje. Akasema ya jumla hakuna anayeyasoma.

Watu ni watu. Wiki haikuisha kabla hawajambadilisha jina. Wakaanza kumwita Miezi Mitatu. "Miezi Mitatu, ninyoe basi!" Wengine walimwita hivyo kwa utani, wengine kwa ubaya. Aliitika kote. Nilipomwambia awakataze, alinitazama kwenye kioo akasema, "Jina la kwanza si nililipenda? Nililipata kwa njia hiihii."

Muhula wa shule ulipobadilika, mke wake akawa hawezi kufika jioni, na mama mkwe mkono ulikuwa unatetemeka, matone yakimwagikia shavuni. Kwa hiyo kazi ya jioni ikamwangukia kinyozi. Mara ya kwanza alikuja kwangu kabla ya kwenda, akaniuliza kama mikono yake inanuka nywele. Kumshika mkwe wako usoni si jambo dogo. Alinawa mara tatu. Mama akaegemeza kichwa kwenye kochi, yeye akavuta kope ya chini kwa kidole kimoja, kwa umakini uleule alioutumia kwenye visogo vya watoto wachanga, na tone likaingia mahali pake.

"Linachoma?" aliuliza.

"Linachoma," mama alijibu. "Fumba mdomo, usije ukaniambia utafiti unasemaje."

Jicho la kulia limeshika. Kila baada ya miezi kadhaa daktari analipima na kusema halijashuka. Mama ameacha kushona sare, sasa anapinda tu mapindo ya mapazia, ambayo anasema vidole vinaona vyenyewe. Dukani, Utafiti bado anasimulia ya sayari na ya waigizaji, lakini ukimwuliza la ugonjwa anakwambia, "Mimi nakata nywele." Na ukimwuliza namba ya kitu asichokijua, anasema hajui, na masikio yake yanabadilika rangi.

Shemeji alinyolewa kwingine karibu mwaka mzima. Wiki iliyopita nilimwona anavuka barabara, nikaacha saa niliyokuwa naifungua. Aliingia bila salamu, akakaa kitini. Utafiti akamfunga kitambaa. Nilisikia mashine ikiwashwa, ikazimwa, ikawashwa tena.

"Punguza pembeni tu," shemeji alisema.

"Sawa, shemeji."

Akapunguza pembeni.