Goti Chini ya Kikwembe

Kamaldine alikuwa na miaka arobaini na minne, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, mke mmoja, na mkanda wa kahawia wa judo. Katika hivyo vinne, watu wa Kasongo walimkubalia vitatu. Cha nne walikicheka. Mutu muzima, walisema, fundi anayeshona kanzu za harusi, kila Jumanne na Jumamosi anakwenda kuangushwa kama gunia la mihogo. Wasichokijua, wala hawakujali kukijua, ni kwamba uwanja wa kuangukia aliutengeneza yeye: magunia thelathini ya pumba za mpunga yamepangwa sakafuni katika ghala bovu, na juu yake turubai aliloliunga kwa mkono, kwa sababu sindano ya cherehani ilivunjika mara tatu. Pale alianguka na kuamka miaka ishirini na miwili bila kuumia hata kidole.

Kilichomuumiza ni panya. Ndiyo, panya. Walitoboa gunia moja, pumba zikapungua, pakabaki shimo chini ya turubai. Jumamosi moja alikuwa ameshikana na Serge, mvuvi wa Nyangwe, mtu wa kifua na mgongo, mguu wa Kamaldine ukaingia mle shimoni, mwili ukageuka, goti likakataa kugeuka. Alisikia sauti anayoijua vizuri, ya kitambaa kipya kinapochanwa.

Basi hapo kila mtu akawa docta. Walimpeleka Lusangi kwa mzee mmoja wa kuvuta mifupa, akamvuta na kumkanda kwa maji ya moto miezi mitatu, na goti likazidi kuvimba. Bahati yake akapita Kasongo daktari mpasuaji na wenzake, wakamlaza, wakamfungua goti, wakatoa kile kipande cha gegedu kilichopasuka kati ya mifupa, wakamshona. Kamaldine aliukagua ule mshono kwa jicho la fundi akaona hauna kasoro.

Aliyemuaga hospitalini ni Fabrice, mtaalamu wa kuwafundisha wagonjwa kutumia viungo vyao upya. Alikuwa kijana mkavu wa maneno, na mfukoni alibeba kile kipimo cha pembe cha plastiki cha wanafunzi.

"Papa Kamaldine, docta amemaliza kazi yake. Sasa yako ndiyo inaanza. Asubuhi, muchana na magaribi unakaa pembeni ya kitanda, unakunja goti mpaka uone machozi, mara makumi tatu. Leo iko digrii hamsini. Usipokunja, itakauka vile iko. Hautapiga magoti tena."

Kwa mtu mwingine hayo ni maneno tu. Kwa Kamaldine goti lilikuwa cherehani, maana bila kukunja hakuna kukanyaga. Lilikuwa judo, ambako watu wawili hupiga magoti wakasalimiana kabla ya kushikana, na asiyepiga magoti hashikani na mtu. Tena lilikuwa sala. Imamu alishamwambia kwamba mgonjwa akiswali juu ya kiti Mungu anapokea, na Kamaldine hakubisha. Ila hakukitaka kiti. Alitaka paji la uso wake lifike chini kama la wenzake.

Alirudi nyumbani na nia hiyo. Siku ya pili akashuka mama mukwe.

Mama mzazi wa mkewe Rehema alitoka Wamaza juu ya pikipiki, siku nzima ya matope, mikono bado ina udongo wa shamba. Kamaldine hakulitaja jina lake hata mara moja katika miaka kumi na minane ya ndoa, na sisi pia hatutalitaja. "Mukwe wangu amepasuliwa," alimwambia Rehema mlangoni, "nibaki Wamaza nafanya nini?" Na ni kweli, ni mama mwema. Ubaya wote ulianzia kwenye wema.

Kwa watu wake Rehema, mukwe mwanaume hamuonyeshi mama mukwe mguu wake. Hanyooshi miguu mbele yake, haguni, hatoki jasho. Mama naye hamtazami usoni. Sasa nyumba ya Kamaldine ina chumba kimoja kilichojaa vitambaa vya watu, na sebule. Kitanda cha miguu mirefu alichoagiza Fabrice kiliingia sebuleni, hakukuwa na pengine. Mama mukwe akaweka kigoda chake mlangoni pa sebule hiyohiyo, akakaa upande upande, macho ukutani, toka alfajiri mpaka watu walale. Alikuja hata na kikwembe kipya cha zawadi, kitenge chenye maua mekundu, akamwambia Rehema amfunike nacho mumewe. Rehema akamfunika, kiunoni hadi vidoleni, kama maiti anayengoja kuoshwa. Na Kamaldine, mtu aliyewahi kumwangusha Serge wa Nyangwe, akalala chini ya maua mekundu.

Mama alipokwenda kuoga, Kamaldine alipata dakika kumi. Anakaa haraka, anakunja mara mbili, na hapo hodi. Jirani yao Mama Sidonie, muuza mikate, hakukosa siku. "Papa Kamaldine, usijisumbue. Lala. Pumzika." Wote walisema hivyo. Wa msikitini, wa sokoni, hata wale wa judo, ambao walipaswa kujua zaidi, walisimama wakimtikisia kichwa: pumzika. Neno hilo alianza kulichukia. Kama kupumzika kunatibu goti, mbona alipasuliwa?

Alimwita Rehema, akamnong'oneza. "Mwambie mama ashinde muchana kwa shangazi yako. Saa mbili tu."

"Nimwambie nini?" Rehema alisema. "Kwamba mukwe wake amemuchoka? Mama ameacha nyumba yake sababu yako, Kamaldine. Sema vizuri."

Angesema vipi vizuri zaidi ya hapo? Alijifunika.

Wiki tatu zilipotimia walimbeba hadi barabarani, wakampakia kwenye pikipiki, wakampeleka kwa Fabrice. Fabrice akamkalisha, akasukuma mguu mpaka ulipokataa, akaweka kile kipimo cha wanafunzi kwenye goti. Akakitazama. Akakiweka tena.

"Makumi tano na tano. Nilikuacha na makumi tano. Wiki tatu, digrii tano. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naheshimu," Kamaldine alisema.

Fabrice hakucheka. "Nakupa wiki mbili. Zikipita hujafika makumi tisa, usije kuniuliza tena. Utakaa na guu hiyo mpaka wakuzike."

Njiani kurudi Kamaldine alikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kutua. Amkasirikie nani? Rehema anampikia mara tatu kwa siku. Mama mukwe amevuka matope yote toka Wamaza kwa ajili yake. Mama Sidonie analeta mikate ya bure. Wote wanampenda, na wote pamoja wanamkausha mguu, na hakuna hata mmoja ambaye mtu mwenye adabu anaweza kumwambia ondoka. Angeumizwa na adui angejua amshike wapi.

Walipofika nyumbani, mama mukwe alikuwa kwenye kigoda chake. Rehema alikwishaingia jikoni. Kamaldine alikaa pembeni ya kitanda, akakitoa kile kikwembe, akakikunja mara nne, pembe kwa pembe, kama anavyokunja nguo ya mteja, akakiweka juu ya mto. Akabaki na kaptula na goti lake lenye mshono.

"Mama, unisamehe," alisema, na sauti ilimtetemeka kwa hasira zaidi kuliko kwa haya. "Mi natoa guu yangu inje. Ukitaka kutoka, utoke. Ukitaka kubaki, ubaki. Lakini mi sitakubali guu yangu ikauke sababu ya heshima."

Jikoni kijiko kilianguka. Mama mukwe aliinua kigoda, akakigeuza, akakaa akitazama uwanjani, mgongo kwake. Kamaldine akakunja. Kitanda kikalia, naye akaguna, mguno mkubwa uliokuwa umefungwa wiki tatu, na jasho likamtoka bila ruhusa ya mtu. Akakunja tena.

"Kwa hiyo unaweza kukaa," ule mgongo ulisema.

"Naweza, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza nilirudia hapa."

Rehema akachungulia kutoka jikoni. Kisha mama mukwe akaanza, taratibu, na kadiri alivyoendelea ndivyo sauti ilivyopanda.

"Kwetu mama haachi mugonjwa akiwa angali amelala. Akimwacha, watu watasema alitaka mukwe afe. Anangojea akae, ndipo anaaga. Wiki tatu mi niko juu ya hiki kigoda, nangojea mukwe wangu akae. Kiuno kinaniuma. Nimehesabu matofali ya huu ukuta yote. Karanga zangu zilikomaa juma lile nilipanda pikipiki. Shamba muzima. Sasa ziko zinaota tena mu udongo, hakuna mutu wa kuzing'oa. Kila asubuhi naswali, nasema leo atakaa. Na wewe ulikuwa unaweza kukaa."

"Mi nililala sababu mama yuko hapa," Kamaldine alisema.

"Na mi nilikuwa hapa sababu umelala."

Wala hawakucheka. Mtu wa nje angecheka, lakini hawa wawili walikuwa wamepoteza vitu vya kweli: mmoja shamba, mwingine digrii zake. Walikaa pale, mgongo na goti, kila mmoja na hasira zake, na hasira hizo kwa mara ya kwanza zilikuwa upande mmoja.

Rehema alisogea mlangoni akijifuta mikono. "Basi mama, amekaa. Unaweza kwenda kuokoa hata kidogo."

"Karanga nimezipoteza tayari," alijibu mama yake bila kugeuka. "Goti silipotezi. Mwambie akunje. Nitahesabu."

Akahesabu. Alihesabu kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, polepole, bila huruma, macho yake kwenye uwanja. Asubuhi, mchana na magharibi. Hakumwona mukwe wake, lakini kitanda alikisikia: goti likikunjwa sawasawa kinalia mara mbili, likikunjwa kwa uvivu kinalia mara moja. "Hiyo haikufika," alisema ule mgongo. "Arudie." Kamaldine alirudia akitukana moyoni. Hakuna mwalimu wa judo aliyewahi kumtesa vile. Wageni walipobisha hodi, mama mukwe aliwajibu mwenyewe kwamba mgonjwa ana kazi, wapite kesho. Siku ya tano goti lilivimba, Fabrice akasema waliweke kitambaa cha maji baridi, waendelee. Waliendelea. Siku ya tisa Kamaldine alilia machozi kabisa, mtu wa miaka arobaini na minne, na ule mgongo ukangoja amalize kulia, kisha ukaendelea kuhesabu palepale ulipokuwa umeachia.

Wiki mbili zilipokwisha, Fabrice alikiweka kipimo kwenye goti mara tatu. Digrii tisini na sita. Alikirudisha mfukoni akasema ni vizuri, asilegee, cherehani baada ya mwezi, judo tutaona.

Kamaldine aliporudi nyumbani alikuta pikipiki ya Wamaza inamngoja mama mukwe uwanjani, mzigo umekwisha kufungwa. Mama alikuwa amesimama kando, macho pembeni kama desturi. Majirani walikuwa wametoka kumuaga. Kamaldine akamfuata akichechemea, akaweka mkono kwenye tairi la nyuma, akashusha goti zima kwanza. Kisha lile lingine. Lilishuka nusu, likasimama, likawaka moto, akauma meno, akalisukuma mpaka likagusa udongo. Akawa amepiga magoti yote mawili, hapo chini, kabla ya sala na kabla ya judo.

"Mama, asante," alisema.

Mama Sidonie akapaza sauti kutoka kwenye ua wake. "Papa Kamaldine, usijisumbue hivyo! Amuka, nenda upumzike."

Mama mukwe, ambaye hakuwahi kumpazia mgeni sauti mbele ya mukwe wake, aligeuka mzima mzima. "Wewe mama, unyamaze. Umuache apige magoti." Halafu akashusha macho, akalitazama lile goti waziwazi, mshono wake na vumbi lake, kwa muda ambao mtu angehesabu makumi tatu. Alipomaliza akapanda pikipiki, akamwambia dereva waende, pengine kuna karanga zilizobaki.