Siku Niliyoandika Hundi ya Mama

Enzi zetu pale Kariakoo, mtoto mwenye mwandiko mzuri hakuwa na raha. Ukirudi shule, hata sare hujavua, unaitwa kuandika barua za majirani. Nikiwa darasa la sita niliitiwa kazi kubwa kuliko zote.

Baba, aliyezoea kuandika hundi za duka letu la vitenge, alikuwa Moshi akimuuguza bibi. Kodi ya fremu, kile chumba cha duka, ilitakiwa siku ileile, na wafanyabiashara wawili walishaimezea mate fremu yetu. Mama akafuta kaunta, akafungua kitabu cha hundi, akanipa kalamu ya wino.

"Andika wewe. Mwandiko wangu kama kuku kapita."

Nikaandika jina la mwenye nyumba, Bi Zuhura. Kisha, nikiacha nafasi mwanzoni kama tulivyofundishwa kuanza aya, nikaandika: elfu thelathini.

Mama hakunigombeza. Alichukua kalamu, akaijaza ile nafasi: "Laki tisa na". Kwenye tarakimu akabandika tisa mbele. Nikasoma. Laki tisa na elfu thelathini! Duka zima, na sisi ndani yake, tusingefika hapo.

"Umeona?" akasema. "Usimwachie mtu pa kuweka hata nukta."

Akaichora ile hundi mistari mikubwa, akaandika "imefutwa", nikaanza nyingine. Safari hii nilianzia ukingoni kabisa kushoto, nikabananisha maneno, nikamalizia na "tu", nikavuta mstari hadi mwisho. Mama akapiga mistari miwili kwenye kona, ili fedha ziingie benki tu, asizichukue mtu mkononi. Akaisoma mara mbili, ndipo akatia sahihi.

Niliipeleka mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani kaandika?"

"Mimi."

Bi Zuhura akavaa miwani, akaipitishia kidole polepole. "Hapa hata sindano haipenyi."

Nilirudi nikiutazama mkono wangu kama wa mtu mwingine. Maneno machache tu, na fremu imebaki yetu!

Siku hizi binti yangu analipa kodi kwa simu huku anatafuna chipsi, na pesa imefika kabla hajameza. Nikimwambia asome jina kwanza, anacheka: "Mama, ishaenda hiyo." Ni rahisi, sikatai. Lakini ile heshima ya kukaa kimya mbele ya karatasi, moyo ukidunda, sijui nitamwonyesha wapi.